Pampu Ikae Chini: Mtambo wa Bia wa Lita 20

Mtambo wa bia wa nyumbani ukianza kusumbua, pampu inayozungusha maji ya kimea ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi pampu ni nzima, ila imewekwa pabaya. Hizi pampu ndogo za sumaku (mota huzungusha feni ya ndani kwa sumaku), zenye mdomo wa nusu inchi, haziwezi kunyonya. Kazi yao ni kusukuma tu. Ukiiweka juu ya usawa wa maji itavuma bure hadi jioni, na kile kijiti cha ndani, ambacho hupozwa na maji yanayopita, kitaanza kulika.

Kwa hiyo stendi ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Mwambie fundi wa kuchomelea ainue jiko la gesi sentimita 60 hivi kutoka sakafuni. Pampu ikae sentimita 20, kando, si moja kwa moja chini ya valvu, maana siku moja valvu itavuja na maji yatatafuta mota. Weka bati kati ya pampu na moto. Kichwa cha pampu kigeuzwe mpaka tundu la kutoa litazame juu, ili hewa iliyonaswa ipande itoke yenyewe. Soketi ya stima iwe juu kuliko kitu chochote chenye maji, na waya wa athi usiachwe. Tena soma kibandiko kabla ya kulipa: pampu ya volti 110 iliyotoka Marekani ikichomekwa kwenye volti 240 zetu haimalizi dakika nyingi.

Valvu ya kupunguza kasi huwekwa upande wa kutoa. Huu upande wa kuingiza, acha wazi kabisa. Ukiukaba, shinikizo ndani ya pampu hushuka, maji ya moto yanachemkia humo humo, na utasikia mlio kama wa changarawe kwenye debe. Nairobi tatizo hili linakuja mapema kuliko Mombasa. Tuko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. (Kipimajoto kikikuonyesha 100 kwenye maji yanayotokota Nairobi, kinakudanganya, kirekebishe au ukitupe.) Ukizima moto, ngoja dakika tatu nne mtokoto utulie ndipo uwashe pampu.

Sufuria ya lita 50 inatosha. Za Kamukunji, soko la jua kali Nairobi, nyingi ni alumini na zinafanya kazi vizuri, mradi usizisafishe kwa magadi, kwa sababu magadi hula alumini. Ukiweza, nunua ya chuma kisichoshika kutu. Kwa valvu ya nusu inchi toboa tundu la milimita 21, ulainishe kingo kwa tupa, kisha kaza na wosha ya silikoni. Nati na viungo vya mabati vya dukani viache kwa bomba za choo: maji ya kimea yana asidi kidogo na huyeyusha zinki. Mpira nao uwe wa silikoni. Ule wa kumwagilia bustani ukipitisha maji ya moto utalainika, na bia itanuka plastiki.

Kwa lita 20 za bia ya asilimia 5 hivi, tumia kilo 5 za kimea cha shayiri kilichoparazwa, yaani kusagwa bila kulainishwa. Pasha lita 15 za maji hadi nyuzi 72. Ukimwaga kimea chenye joto la chumba, vyote vitatulia kwenye 66. Shikilia hapo saa moja huku pampu ikichota chini ya chujio (wavu unaoshikilia kimea ndani ya sufuria) na kurudisha juu taratibu, lita 3 au 4 kwa dakika.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanafungua valvu yote, kimea kinavutwa chini na kushikamana kama udongo wa kufinyanga, na maji hayapiti tena. Angalia mpira wa kuingiza: ukianza kubonyea na kuwa bapa, zima pampu mara moja. Koroga, ngoja dakika kumi kitulie, kisha washa tena valvu ikiwa imefunguliwa kidogo sana. Dawa ya kuzuia ni maganda ya mpunga, yale yanayorundikana kwenye vinu vya Mwea. Gramu 200 zilizochemshwa na kuoshwa, ukizichanganya na kimea, huacha njia za maji kupita.

Kimea kitabaki na lita 5 hivi za maji, na mvuke utachukua nyingine 3 au 4 kila saa ya kuchemsha, kwa hiyo andaa jumla ya lita 30: zile 15 za mwanzo, na nyingine za kusuuzia kimea kabla ya kukitoa na kuanza kuchemsha. Chemsha dakika 80 hadi 90 badala ya 60, kwa kuwa kwenye nyuzi 94 hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) hutoa uchungu huo polepole. Hopsi ziwe ndani ya kikapu cha wavu, la sivyo majani yatakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Kazi yote ya moto ifanyiwe nje. Na jirani akianza kuulizia bei, kumbuka kutengeneza bia ya kuuza kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010.

Kupoza: mita 10 za bomba la shaba la milimita 12, lililokunjwa kama springi na kuzamishwa kwenye sufuria dakika 15 kabla ya kuzima moto, ili mtokoto uue vijidudu. Ukishazima na mtokoto kutulia, pitisha kwanza maji ya kimea yangali moto kwenye pampu na mipira kwa dakika kumi kwa sababu hiyo hiyo. Kisha maji baridi yapite ndani ya shaba huku pampu ikizungusha bia nje yake. Bila mzunguko huo, bia iliyogusa shaba hupoa na iliyo mbali hubaki moto. Maji ya mgao yasimwagwe. Yakusanye kwenye ndoo, zile za kwanza ni za moto na ndizo za kuoshea vyombo. Ukifika nyuzi 30 na maji ya tangi yamegoma kushusha zaidi, yazungushe kutoka kwenye ndoo yenye barafu kwa pampu ndogo ya pili hadi 20, ndipo utie chachu.

Ukimaliza fungua kichwa cha pampu siku hiyo hiyo. Ni skrubu nne tu. Toa feni, futa utando wa kahawia ulio nyuma yake, uache vikauke kabla ya kurudisha. Kichwa kikiwa cha plastiki, kaza kwa bisibisi ya mkono, si kwa drili.