Kivuli Bila Mtu: Nilivyotengeneza Filamu ya Kutisha Mikindani kwa Injini ya Gemu

Nimekulia Mikindani, jirani na Mtwara mjini, katikati ya magofu ya nyumba za mawe ya matumbawe. Unapita mlango wa nakshi, unaingia korido yenye giza, halafu unatokea uani kwenye jua kali. Tangu utotoni niliiogopa ile korido kuliko jini yeyote. Nilipotaka kutengeneza filamu ya kutisha, ile inayovuruga akili bila kumwaga damu, nilihitaji nyumba itakayonitii.

Kamera sina, taa sina. Nilikuwa na laptopu yenye RAM ya GB 8, nikapakua Godot, injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea magemu, ya bure kabisa. Watu wanarekodi filamu ndani ya magemu tangu enzi za gemu la Quake, 1996, basi njia ilikwisha kufunguliwa.

Nyumba niliijenga kwa Blender, programu ya kuchongea maumbo ya 3D. Chokaa iliyobanduka niliipiga picha kwa simu kwenye magofu yenyewe, nikaibandika kwenye kuta zangu. Kisha korido: kila kamera inapotazama nyuma, korido inarefuka sentimita 20. Mara ya kwanza huoni kitu. Mara ya nane ua umesogea zaidi ya mita moja na nusu, na mtazamaji anajikunyata bila kujua kwa nini.

Mwisho wa korido nilitaka asimame lipiko, yule mchezaji ngoma wa Kimakonde anayevaa kinyago. Jambo kama hilo kwetu huliamui bila mjomba, nikaenda.

"Mpwa wangu, hapana," akasema. "Hiyo itatazamwa na watoto ambao hata jando hawajaingia. Lipiko si la kuchezea."

Nilitii, na nashukuru nilitii. Katika Godot unaweza kuficha kitu kisionekane kabisa, ila kivuli chake kikabaki. Nikachukua umbo la mtu wa kawaida, nikalificha, nikaacha kivuli kwenye sakafu ya ua, jua la saa tisa alasiri. Uani hakuna mtu. Kivuli kinatembea, kinafika mlangoni, kinasita. Hakuna sehemu ya filamu ninayoipenda kuliko hiyo.

Kilichonitesa ni kurekodi. Laptopu ilitoa fremu tano, yaani picha tano tu, kwa sekunde, filamu inakatakata. Bahati nzuri Godot, tangu toleo la 4, ina hali maalumu ya kutengenezea filamu: injini haikimbizani na saa, inaichora fremu moja mpaka iishe ndipo iende ya pili. Nikaongeza ukungu na vivuli laini, kila fremu ikachukua kama sekunde tatu. Dakika 7 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 10,080, yaani zaidi ya saa nane mashine inawaka. Usiku wa kwanza umeme ukakatika, na betri yangu ilikwisha kufa zamani. Faili la video la AVI halikufunguka tena. Kuanzia hapo nikarekodi shoti mojamoja, yaani kipande kimoja cha filamu kwa wakati, kila fremu ikiwa picha yake ya PNG, ili umeme ukikatika nipoteze shoti moja tu. Nikaziunganisha kwa FFmpeg, programu ya kushughulikia video.

Sauti nimeiweka mwisho, lakini ndiyo iliyobeba hofu yote. Asubuhi moja nilimrekodi bibi akitwanga mahindi. Ndani ya injini chanzo cha sauti kinakaa mahali pake, ukigeuka nacho kinabadilika sikioni. Mchi nikauweka nyuma ya kamera, daima nyuma, katika tukio la usiku wa manane. Usiku wa manane hakuna anayetwanga.

Filamu ilipokamilika nilimwonyesha bibi kwanza, sebuleni, taa imezimwa. Alitulia mpaka mchi ulipoanza kugonga. Akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, huyo anayetwanga saa hizi ni nani?"