Bustani mbili, Jumamosi moja

Ama tembo, ama mbega. Jumamosi ile isingeweza kuwa ya wote wawili. Dada yangu anafanya kazi ya zamu London, na katika kipindi chote ambacho mimi na Mama tulikuwa wageni wake alibahatika kupata mapumziko ya siku moja tu, huku wanawe wakiwa wamekwisha kuahidiwa bustani ya wanyama. Bustani zenyewe ni mbili. Moja iko mjini, ndani ya Regent's Park: unashuka kwenye treni Camden Town na kutembea kidogo. Ya pili ni Whipsnade, huko Bedfordshire, kaskazini mwa jiji, mwendo wa kilomita kama 50. Zote zinamilikiwa na chama kimoja cha zuolojia, kwa hiyo hakukuwa na suala la ipi ni halali na ipi ni ya ujanja ujanja. Suala lilikuwa sisi tunataka nini.

Dada akaniachia mimi. "Wewe ndiye mjomba wao," alisema akivaa koti la kazini, "na wewe ndiye mwenye nafasi ya kusoma ramani. Amua, mimi nitaendesha gari."

Mpwa wangu wa kiume alitaka tembo, basi. Hakuwa na hoja ya pili. Mdogo wake wa kike alitaka mbega, kwa sababu mwenzake wa darasani alikuwa amekwenda kuwaona na kurudi na masimulizi. Pale mjini kuna tundu kubwa la ndege lililojengwa mwaka 1965, linaitwa Snowdon, lenye wavu uliotandazwa juu ya nguzo kama hema. Mwaka 2022 lilifunguliwa upya likiwa makao ya mbega, wale weusi wenye manyoya meupe marefu mgongoni na mkia wa kishungi. Mgeni anaingia ndani kabisa na kupita chini yao wakiwa wanaruka. Kwa mtoto wa miaka sita, hilo ni jambo la kunyima usingizi.

Mimi nilikuwa nikiliwaza goti la Mama. Bustani ya mjini ina ekari 36. Whipsnade ina ekari 600. Mama hawezi kusimama muda mrefu bila goti kuvimba, na ngazi huzipanda kwa kutanguliza mguu ule ule mmoja. Nikaelekea mjini.

Tena nisiseme nilielekea huko kwa sababu ya goti peke yake. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoipenda. Ilifunguliwa mwaka 1828 kwa ajili ya wataalamu, wananchi wa kawaida wakaruhusiwa kuingia mwaka 1847. Nyumba ya twiga iliyosanifiwa na Decimus Burton katika miaka ya 1830 ingalipo, na twiga waliendelea kukaa humo kizazi baada ya kizazi, maana milango iliyomtosha twiga wakati ule ilimtosha hata baadaye. Halafu kuna konokono wadogo wa jamii ya Partula, wenyeji wa visiwa vya Polynesia ya Ufaransa, ambao kisa chao kilinishika nisiweze kulala mapema. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, huyu huyu wetu anayetambaa baada ya mvua, alipelekwa visiwani awe kitoweo. Akatoroka, akazaana, akaanza kula mazao. Kumdhibiti, katika miaka ya 1970 wakamleta konokono mwingine mla konokono, na yeye akamwacha yule mkubwa akawageukia wenyeji wadogo, wasiomkosea mtu, akawamaliza kisiwa baada ya kisiwa. Baadhi ya Partula walinusurika kwa sababu tu walikuwa wamechukuliwa wakafugwa kwenye visanduku London na katika bustani nyingine chache, na sasa vizazi vyao vinarudishwa makwao. Nilitaka sana kuviona visanduku hivyo. Nadhani hakuna kazi ya bustani ya wanyama inayoipita hiyo kwa heshima, na wageni wengi huipita bila kugeuza shingo.

Siku mbili kabla ya safari nikatangaza mezani kwamba tutakwenda mjini. Binti akashangilia. Kaka yake akauliza, "Tembo wako upande gani?"

Nikamwambia ukweli. Hapo mjini hakuna tembo. Waliokuwapo walihamishiwa Whipsnade mwaka 2001.

Mama alikuwa kwenye kochi, mguu umenyooshwa juu ya mto. Nilidhani hasikilizi. "Wamehamishwa kwa nini?" akauliza.

Nikamweleza nilichosoma. Mwaka 1965 tembo wa mjini walijengewa banda la zege lenye mikunjo mikunjo, kazi ya msanifu Hugh Casson, banda ambalo hadi leo limo katika orodha ya majengo yanayolindwa. Kulitazama ni zuri. Lakini tembo ni mnyama wa kutembea na wa kuishi na ukoo wake, na katikati ya jiji huwezi kumwongezea hata hatua. Nikaendelea nikamtajia bwawa la pengwini la mwaka 1934, la Berthold Lubetkin, na njia zake mbili za zege zinazopindana hewani bila nguzo. Wanafunzi wa usanifu hulijia kutoka mbali. Pengwini wenyewe waliondolewa mwaka 2004, kwa kuwa zege halikuwa rafiki wa nyayo zao.

Mama akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo walijenga kwanza, mnyama wakamfikiria baadaye."

"Zamani, Mama. Siku hizi hawajengi hivyo."

"Mnyama akichoka kutazamwa, huko mjini anakwenda wapi? Na huko shamba anakwenda wapi?"

Swali hilo lilipangua ramani yangu yote. Nilikuwa nimeulizia umbali, vivuli, vyoo, mahali pa kukaa. Hilo sikuwa nimeliuliza, wala sijawahi kumsikia mtu akiliuliza. Kwa wanyama kadhaa wa mjini jibu lilikuwepo: mbega ana matawi ya juu na vibanda, konokono hahitaji uwanja. Kwa tembo jibu lilikuwa moja tu, lile walilolitoa wenyewe mwaka 2001.

"Basi twende waliko tembo," Mama akasema. "Goti ni langu, mimi ndiye nitakayelibeba."

Binti akalia kwa uchungu wa kweli, akaingia chumbani kwa mama yake akafunga mlango. Nilimfuata. Sikumwambia kwamba Whipsnade ni pazuri zaidi, kwani kwake hapakuwa pazuri zaidi. Nilimwambia tu kwamba kule kuna wanyama wasiofungiwa mahali pamoja, wanaozunguka bustanini na kukatiza njia ya watu, na kwamba wa kwanza atakayemwona ni wake. Akafikiri. Akauliza kama kaka yake naye ataruhusiwa kumgusa. Nikamwambia hakuna atakayemgusa, wote tutamtazama. Hilo likamtosha.

Tuliondoka asubuhi na mapema, kiti cha magurudumu tulichoazimwa na jirani kikiwa kwenye buti. Kabla hujafika, barabara inapita chini ya mteremko mrefu, na ubavuni mwake kuna simba mweupe mkubwa ajabu, aliyechorwa mwaka 1933 kwa kuondoa majani hadi chokaa ya mlima ikaonekana. Watoto walimwona kabla yetu. Kelele zao zilinifanya nimsahau Dada na usukani wake.

Whipsnade haikuanza kama bustani. Lilikuwa shamba lililochoka, ambalo chama kililinunua mwaka 1926 kwa fikra za katibu wake, Peter Chalmers Mitchell, aliyeamini kwamba wanyama wakubwa wanahitaji hewa na nafasi kuliko kuta nzuri. Wananchi walifunguliwa milango mwaka 1931. Nafasi ndiyo inayokupokea. Upepo unapiga juu ya ule uwanda, uzio uko mbali, na unatembea dakika nyingi bila kuona mnyama yeyote, jambo ambalo mtu aliyelipa kiingilio anaweza kulichukia.

Mpwa wangu alilichukia. Tulisimama kwenye uzio wa dubu, dubu hakuna. Kibao kimeeleza yote, picha ipo, mwenyewe hayupo. Akazunguka kulia na kushoto, akapanda juu ya ubao wa chini, akanigeukia kana kwamba nimemficha mimi. "Yuko wapi?"

Bibi yake akamjibu kutoka kwenye kiti, "Yuko kwake. Kwani wewe ukiwa chumbani na mlango umefunga, wageni wanaingia?" Na nikamwona Mama ameridhika kwa namna ambayo dubu mwenyewe asingemridhisha.

Walabi, wale ndugu wadogo wa kangaruu, walimwokoa binti. Watatu walikuwa kwenye majani kando ya njia, hakuna uzio baina yetu, wamekaa kwa makalio na mikia, mikono midogo imekunjwa kifuani. Mmoja alikuwa akitafuna huku akitutazama. Binti alisimama wima, akazuia pumzi, akanyoosha kidole polepole sana kumwelekea. "Huyo ni wangu." Walabi akaruka mara mbili, akavuka njia mbele ya gurudumu la bibi yake, akaenda zake. Nusu saa nzima baadaye hatukusikia neno mbega.

Tulipanda garimoshi dogo la mvuke linalozunguka upande wa wanyama wa Asia, na hapo goti la Mama lilipumzika kweli. Ukikaa dirishani unapita karibu na ngamia wa nundu mbili, na kulungu wa Père David, ambaye kisa chake nilimsimulia mpwa wangu juu ya sauti ya magurudumu. Huyo alitoweka kabisa kwao China. Kundi lililobaki lilikuwa Woburn, katika jimbo hili hili la Bedfordshire, kwa kuwa mwenye eneo hilo aliwakusanya waliokuwa wametawanyika Ulaya. Mwaka 1985 wajukuu wa kundi hilo wakarudishwa China. Kijana akauliza kama waliijua njia. Choroa wa Sahara, mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, tulimkuta baadaye upande mwingine: naye alikuwa ametangazwa kutoweka porini mwaka 2000, na tangu 2016 makundi yaliyofugwa yanarudishwa Chad. Nilitaka tukae hapo zaidi. Lakini kila mtu alikuwa akiwasubiri tembo.

Waliokuwa Whipsnade ni tembo wa Asia. Mama aliona tofauti kabla sijafungua mdomo: masikio madogo, mgongo uliobinuka juu, kichwa chenye vilima viwili. Yeye tembo amewajua kwa giza. Utotoni shamba lao lilipakana na msitu, na mahindi yakikaribia kukomaa watoto walikesha na wakubwa wakipiga madebe. Amewahi kuamka akakuta kazi ya msimu mzima imelazwa chini. Hajawahi kuwaita wazuri. Kila tulipomwuliza juu ya tembo alisema walikuwa na njaa, na sisi pia.

Tuliingia kwenye jengo lao, lililofunguliwa mwaka 2017. Sakafu si saruji, ni mchanga. Tembo jike alikuwa hatua chache kutoka kwetu, ng'ambo ya nguzo nene, na juu yake kulikuwa na wavu uliojazwa nyasi kavu, umetundikwa juu ili afanye kazi kuufikia. Alinyoosha mkonga hadi ukawa mwembamba. Nchani tembo wa Asia ana kidole kimoja tu, wa Afrika ana viwili, na kwa kidole hicho alichambua tundu la wavu, akavuta nyasi kidogo, akazikung'uta mguuni vumbi litoke, akala. Kisha tena. Mpwa wangu hakusema kitu. Alikuwa ameshika mkono wa dadake bila kujua.

Mama hakuwa akitazama mkonga. Alikuwa akitazama miguu.

Nilimweleza kwamba ndani ya ule mguu tembo amesimama kwa vidole, na chini ya kisigino ana tabaka nene la mafuta linalomezea uzito. Kwamba waliokaa miaka mingi juu ya sakafu ngumu hupasuka nyayo, hupata majipu kwenye kucha, na viungo vyao huharibika. Ndiyo maana ya mchanga. Tembo akachota mchanga huo kwa mkonga, akajirushia mgongoni, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine taratibu, na mguu ukadidimia.

"Saruji ndiyo iliyoniharibu mimi pia," Mama akasema. Alifanya kazi kiwandani, kwa kusimama, tangu mimi sijazaliwa hadi nilipomaliza shule, na sijawahi kumsikia akilitaja goti lake pamoja na kile kiwanda katika sentensi moja. Akaomba asaidiwe kuinuka. Akasimama ameshika uzio, tembo akila, na hakukubali kurudi kwenye kiti hadi mtunzaji alipomwita tembo wake akatoka nje uwanjani, na sisi tukazunguka kumfuata. Huko alikuwa na wenzake. Walikwenda mbali, wakawa vivuli vya kijivu kwenye majani, na Mama akasema, "Waacheni."

Jioni, kwenye gari, binti alikumbuka mbega wake. Alidai haki yake kwa sauti ya kutosha kumwamsha kaka yake. Dada akasema likizo ya shule. Mama akasema yeye hatakuwepo, atakuwa amerudi nyumbani, lakini wampigie simu kwa picha wakiwa ndani ya tundu, waielekeze juu. Nami nikaomba, kabla hawajafika kwa mbega, wapite kwa konokono wa Partula, wasimame hapo kidogo kwa niaba yangu.