Futi kamba ya Xiaobei

Nikipiga simu nyumbani, swali la kwanza siku hizi ni, "Kwani huko Guangzhou, China, Waafrika bado mpo?" Tupo. Tumepungua, ila tupo. Ijumaa adhuhuri pita Msikiti wa Xianxian uone: Wamali, Waguinea, Wasomali, na Kiswahili hakikosekani, cha Dar na cha Bukavu. Wanaijeria wengi wako Sanyuanli, kwenye nguo. Sisi kijiwe chetu ni Xiaobei.

Kilichotutawanya ni Aprili 2020. Corona imeingia, Waafrika wakawa wanatolewa kwenye nyumba na hoteli. Mwenye nyumba wangu alinipa masaa mawili nihame, na kodi nilikuwa nimeshalipa. Baadaye wengi walirudi makwao, na wateja wakazoea kuagiza kwa WeChat bila kupanda ndege. Mimi wakala wa mizigo nikaongezewa kazi, nisiseme uongo.

Maana simu haipimi boksi.

Juzi mama mmoja wa Kariakoo kaagiza viatu vya watoto, maboksi 300. Tulikubaliana sentimita 60 kwa 50 kwa 40, yaani CBM (mita za ujazo) 0.12 kila boksi, jumla 36. Meli unalipia CBM, wala haijali ndani kuna nini. Picha alizotumiwa zilikuwa nzuri kabisa. Nikaenda ghalani Baiyun na futi kamba yangu. Napima kimo: 50. Napima jingine: 50. Jumla imeshakuwa 45! CBM tisa nzima za hewa, mama wa watu asafirishe hewa ya China mpaka Dar.

"Pengyou, mei wenti," muuzaji ananiambia. Rafiki, hamna tabu. (Ukisikia mei wenti, jua tabu ndiyo inaanza.) Nikachukua kikokotoo, nikazidisha 9 kwa nauli ya CBM moja, nikamgeuzia. Akafuta, akaandika 0. Nikaandika tena. Akafuta. Tumekaa hivyo, kikokotoo kinakwenda na kurudi juu ya meza, mpaka mkewe akatokea nyuma na bakuli lake la tambi, akachungulia ile namba, akamtupia mumewe maneno mawili ya Kikantoni. Vijana wakaitwa, maboksi yakaanza kufunguliwa.

Nikamtumia mama picha ya futi kamba juu ya boksi jipya. Akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, Oktoba nakuja mwenyewe kwenye hayo maonesho ya biashara ya Canton. Hoteli ghali, nitafutie chumba."

Chumba sasa. Mgeni asiyelala hotelini lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, kwa hiyo natafuta mwenye nyumba atakayekubali kutoa karatasi zake. Nimeshapiga simu nne. Watatu wameniuliza mgeni anatoka wapi, nikawajibu, na hapo hapo chumba kikawa kimeshapangishwa. Wa nne kasema nimpigie kesho.