Mazoezi ya maji mafu

Nilifika saa nne asubuhi, chati kwapani, kipimo cha presha mkobani, na sikukuta mtu. Siku tatu kabla nilikuwa nimepeleka taarifa kwa sheha wa shehia ile, Wilaya ya Micheweni, Pemba: kina mama wote wafike skuli, kuna somo la afya na mazoezi. Barazani kwa jirani palikuwa na bibi mmoja tu, anasuka ukili.

"Mwanangu," akaniambia bila ya kuinua macho, "leo bamvua. Watu wako mwani."

Mie mtoto wa mjini, wa Chake Chake, mwezi naufuata Ramadhani tu. Nikavua viatu nikateremka pwani. Maji yalikauka mbali, ndiyo bamvua yenyewe, na kina mama wameinama kwenye mashamba yao, wanafunga mwani kambani kwa taitai, vile vikamba vidogo. Somo nikalitoa humo humo topeni. Nikawaambia Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Husaidia presha, husaidia sukari.

Mmoja akajinyoosha, mkono kiunoni. "Kwa wiki? Hizo mie tangu jana nishazimaliza."

Wakaangua kicheko. Kwa mzaha akanitwika polo la mwani mbichi. Hatua nane, nikalitua.

Walikuwa na haki. Somo langu liliandikiwa mtu wa mezani, na mtu wa mezani pale alikuwa mimi. Lakini nilipowauliza maji mafu, siku ambazo bahari haikauki mbali, wanafanya nini, wakatazamana. Maji mafu hakuna pwani; mtu hukaa akasuka, akapika, akajilaza. Na yule bibi wa barazani, aliyelima mwani tangu zao hili lilipokuwa geni, maana Zanzibar ulianza kulimwa 1989, magoti yalishamkatalia. Kwake yeye kila siku ni maji mafu. Nilirudi nikampima: presha iko juu, na vidonge alivyopewa alikuwa anameza siku kichwa kikimuuma tu. Huyo nikampeleka kituoni kwanza, mazoezi baadaye.

Jioni wakakusanyika. Nikasema, basi tutembee siku za maji mafu, nusu saa kila asubuhi.

"Tunakwenda wapi?"

Hilo sikulifikiri hata kidogo. Mwanamke akionekana njiani anakwenda mbio, hana pakacha, hana mtoto mgongoni, adhuhuri haijafika mumewe keshaulizwa. Nikaanza kueleza moyo na mishipa. Hakuna aliyenisikiliza.

Bibi ndiye aliyelifungua. "Kijiji cha pili kuna mzazi, kajifungua. Si mkamtazame?"

Maji mafu ya kwanza tulikuwa tisa, mabuibui na malapa, pakacha la mihogo tukipokezana. Bibi na mkongojo wake alitufuata mpaka mwembe wa njia panda, akakaa chini akatungoja. Maji mafu ya pili aliupita mwembe, akafika msikitini, akatusubiri pale huku akilalamika tunachelewa.

Tuliporudi, akaniegemea begani.

"Mzazi tushamtazama mara mbili. Sasa tumtafute nani?"

"Mgonjwa," akajibu mmoja nyuma yetu. "Hata wa mafua."