Spika ya kupanda ngazi

Ngazi zilikuwa 43. Nilizihesabu kwa sababu karibu kila moja nilisimama kupumua. Nyumba ya Mji Mkongwe, shughuli iko juu darini, ngazi zenyewe za mbao zimesimama kama mnazi, na mimi nimekumbatia spika ya inchi 15 yenye kilo ishirini na kitu. Gari lilituacha mbali maana kichochoro kile kinapitisha vespa basi. Rikwama ikatufikisha mlangoni. Hamali akazitazama ngazi, akanitazama mimi, akadai chake akaondoka.

Sisi ni wapigaji wa taarabu, tuko watatu: mimi udi na kuimba, mwenzangu ganuni ya nyuzi, na kijana wetu wa ngoma ya dumbak. Ukumbi mkubwa hatuujui. Tunapiga kwenye nikaha, karamu za nyumbani, na hoteli ndogo ndogo za pwani ya mashariki. Watu 40, wakizidi sana 80. Sasa niulize kwa nini nilinunua mitambo ya uwanja wa mpira. Muuzaji aliweka wimbo wenye besi, kifua kikanitetemeka, na katoni imeandikwa wati 2000. Nikatoa pesa palepale.

Darini jioni ile besi ilitikisa vikombe vya kahawa, na maneno hayakusikika. Kwenye taarabu hiyo ni hasara kubwa, maana mtu anainuka kuja kutuza kwa kuwa neno limemgusa. Kwa besi hatoi hata shilingi. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alimwinamia jirani yake, na kwa bahati mbaya yeye nilimsikia vizuri: "Anasema nini huyu?"

Wati nimekuja kuzielewa baada ya kuzilipia. Ile 2000 ya kwenye katoni ilikuwa ya kilele, kishindo cha kufumba na kufumbua. Kiasi ambacho spika inakihimili shughuli nzima ni kidogo kuliko hapo. Tena hata ukizidisha wati mara mbili, unachoongeza ni desibeli 3 tu, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, na sikio linatambua kwa shida. Ili watu waone sauti imekuwa kubwa maradufu inabidi wati zizidi kama mara kumi. Upande wa pili, mahali pa wazi, mtu akikaa mbali mara mbili anapoteza desibeli 6. Ndiyo maana spika mbili ndogo, kila moja karibu na watu wake, zinanifaa kuliko dude moja la pembeni linalowatoboa masikio wa mbele ili liwafikie wa nyuma.

Safari ya pili nilivuka na boti hadi Kariakoo, udi mgongoni, maiki yangu ya SM58 kwenye mkoba. Kijana wa dukani akachangamka: "Mzee, ngoja nikuwekee ngoma kwenye simu usikie inavyopasua." Nikamwambia, mwanangu, simu weka mfukoni. Nikampa maiki na kitabu chake cha risiti, nikamwomba asome vitu alivyouza wiki ile, kwa sauti ya kawaida tu. Mimi nikatoka hatua 20 hadi mlangoni kwa jirani anayeuza vitambaa, nikageuka kisogo, nikaanza kuandika ninachosikia.

Spika ya kwanza, kubwa, inang'aa taa za rangi: "soketi" nikaandika "poketi", na "chaja sita" sikuambulia kitu. Ya pili, ndogo, yenye inchi 6, niliandika orodha nzima mpaka kikohozi chake. Muuza vitambaa aliniona nimepungukiwa, lakini hicho ndicho kipimo changu hadi leo. Sauti za s, sh, ch na f zinakaa juu kabisa kwenye treba, ile sauti nyembamba, na ndizo zinazomezwa mwanzo na miili ya watu na kanga zao. Kwa hiyo natazama pia chini ya spika kama kuna tundu la stendi, lile la milimita 35. Spika isiyopanda juu ya vichwa vya watu itawaimbia magoti.

Mluzi nao, ule unaolia maiki ikinasa sauti ya spika yake yenyewe, nilikuwa nikiwasingizia mafundi. Akina mama wakija kutuza mimi husogea kuwapokea, maiki mkononi. Nikivuka tu mstari wa spika, mtambo unalia na watu wanaziba masikio. Siku hizi spika zinakaa mbele yetu hatua mbili, na mbele ya miguu yangu kuna mkeka. Mkeka ukiisha, nami nimeishia hapo. Wapo wanaosifu spika za nguzo, mfano Bose L1 Compact, ambazo hukaa nyuma ya wapigaji nao wakajisikia wenyewe. Ni nzuri, lakini darini nyuma yetu kuna ukuta mfupi na paa la jirani.

Mwisho nilichukua Bose S1 Pro mbili. Kila moja ina kilo 7 na kidogo, naipandisha ngazi kwa mkono mmoja, na betri yake wanasema hudumu hadi muda wa saa 11. JBL EON One Compact nayo niliipenda: kama kilo 8, saa 12, na betri unaichomoa ukaweka nyingine. Saa hizo ni za sauti ya kiasi, ukikaza zinapungua. Jambiani, upepo wa kusi unavuma, umeme ulikatika katikati ya ubeti. Tukaendelea, wageni wakashtuka kuwa feni ndiyo imesimama. Besi pale ufukweni usiitafute sana, hakuna ukuta wa kuirudisha.

Kwa kuwa maiki ya ganuni inataka umeme wa volti 48 kupitia waya wake, na S1 Pro hautoi, nina mikisa ndogo katikati ya kuutoa. Bluetooth ni ya kuwawekea watu nyimbo sisi tukila. Usijaribu kuipitishia udi, sauti itafika umeshapiga nota nyingine.

Mwezi uliopita tumerudi nyumba ileile, anaolewa mdogo wake bi harusi wa kwanza. Ngazi 43, safari moja. Yule bibi alikuwa palepale mbele. Tulipomaliza akaniita, nikamwamkia shikamoo, akanishika mkono.

"Leo nimekusikia vizuri, mwanangu," akasema. "Ubeti wa tatu umeukosea."