Mikono ya mama mkubwa

Juzi mwanangu alinikuta naangalia ile filamu ya Werner Herzog ya mwaka 1971, inayomfuata Fini Straubinger, mwanamke wa Ujerumani asiyeona wala kusikia, akiwatembelea wenzake. Akatazama watu wanavyomgusagusa Fini kiganjani, kila mguso herufi yake. "Mama, mbona wanamchezea mkono?" Nikamwambia hawamchezei, wanaongea naye, kama tunavyoongea na bibi yako wa Ujiji. Sikuendelea. Ilinijia siku ya kamera.

Mama mkubwa, ndiye huyo bibi wa Ujiji, alizaliwa kiziwi. Lugha ya alama aliipatia Tabora, kwenye shule ya viziwi iliyoanzishwa mwaka 1963. Macho yalianza kufifia ukubwani: kwanza akawa haoni usiku, kisha pembeni, uoni ukazidi kubanwa hadi kakabaki katundu ka katikati, nako kakaziba. Madaktari wanauita ugonjwa huo Usher. Tangu hapo anaweka mikono yake juu ya mikono ya anayeongea naye, anazifuata alama kwa kugusa. Nimekua nikiongea naye hivyo, kwa hiyo wageni wa filamu walipofika Kigoma, mkalimani nikawa mimi.

Walimkuta Kibirizi anageuza dagaa vichanjani, katikati ya wanawake wenzake. Wakasema pale pana vurugu. Wakamrudisha nyumbani, wakamkalisha mlangoni, majirani wote wakaambiwa wasogee mbali. Muongozaji akanipa swali: "Muulize anajisikiaje kuishi gizani peke yake."

Nikaliweka swali mikononi mwake. Akanigonga kidole, nirudie. Nikarudia. Vidole vyake vikatulia juu ya vyangu, vikakaza, halafu jibu likaja kwa kasi, mabega yote yakicheza: "Peke yangu? Asubuhi kaniamkia nani? Bei ya dagaa nimebishana na nani? Na huyu mtoto anayenivuta kanga kila siku nimpe njugu, ni wa nani?" Akanyoosha mkono mbele, akampata mpiga picha. Akampapasa kiganja, akapanda kifundo cha mkono hadi kiwiko. "Kijana huyu. Anatetemeka. Hajala, mpeni chakula." Kisha akaipata kamera yenyewe, akaifunika kwa kiganja, akakiacha hapo muda mrefu.

"Hii inachukua nini?"

Nikamwambia inachukua kinachokaa mbele yake.

"Na mikono?"

Nikamuuliza mpiga picha. Akajibu kwa upole kabisa kwamba amesogea kwenye uso, kwa sababu huzuni hukaa usoni. Nilimfikishia mama mkubwa neno kwa neno. Akaitoa mikono yake juu ya yangu, akaikunja mapajani, na kwake kuikunja mikono ndiko kunyamaza.

Filamu tuliiona baadaye kwa jirani. Uso mlangoni, kinanda cha kuliza, sauti ya mwanamume ikisema huyu anaishi katika ulimwengu wa giza na ukimya. Jibu lake halikuwamo. Kiziwi yeyote aliyesoma naye Tabora angelisoma jibu lile mwenyewe, bila mimi wala yule msimulizi, kama mikono ingeonekana. Mtu anasema kwa mikono, nawe unapiga picha kuanzia kidevu kwenda juu: umemziba mdomo, halafu unawaambia watu hasemi! Nilikasirika siku ile na hasira haijaisha.

Filamu ya Herzog inaiacha mikono ionekane, inasubiri hadi iseme, ndiyo maana naipenda. Lakini hata humo, mwanzoni, kuna kumbukumbu ya Fini ya kuwatazama utotoni watu wakiruka angani kwa ski, zile mbao za kutelezea thelujini, na Herzog alikuja kueleza mwenyewe kwamba maneno yale aliyatunga yeye. Jambo hilo linanikwaza. Mwanamke aliyekuwa na mengi kiasi kile ya kusema, kwa nini aazimwe maneno?

Nilipomweleza mama mkubwa yaliyotoka kwenye filamu yake, hakuuliza kuhusu uso. Aliuliza kama dagaa wameonekana. Nikamwambia ndiyo, mwanzoni kabisa, kichanja kizima. Akafurahi mno, akasema msimu ule dagaa walikuwa wazuri, akaniagiza nikawaambie wenzake wa Kibirizi kwamba dagaa wametoka kwenye televisheni. Nilikwenda kuwaambia. Walinipa kopo la dagaa nimpelekee, wakaniuliza mbona wao hawakuonekana.