Nani atakata mizabibu?

Mwaka 2019 ardhi ya Dodoma ilikuwa haishikiki. Serikali ilishatangaza kuhamia tangu 2016, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na madalali wa pikipiki wakawa wanafika hadi Hombolo kuulizia nani mwenye shamba. Baba alikuwa na mizabibu yake kule, wake wawili, watoto wa kiume na wa kike, na hakuwa na wosia. Kila aliyemgusia aliambulia jibu moja: "Mnataka nife?"

Aliyeliweza jambo lile ni Shangazi, dada yake mkubwa. Alianza kwa kuchagua wakati. Baba alipolazwa kwa presha mwezi wa kwanza, Shangazi alikataa katakata lisemwe wodini, maana mgonjwa akiulizwa habari za mali anaona daktari kawaambia ninyi kitu ambacho yeye hajaambiwa. Akangoja zabibu za Machi ziuzwe, mzee ana hela mfukoni na anatembea bila kushikwa mkono. Wakwe nao hakuwaita. Mbele ya mkwe Baba asingetamka lolote zaidi ya salamu.

Lililoanza ni utani. Tulikuwa na mtani wetu Mhehe, mnunuzi wa zabibu wa siku nyingi. Ugali wa uwele na mlenda vilipoisha, akanawa na kusema, "We Mgogo, ukifa hii mizabibu nachukua mimi."

Baba akacheka. "Utachukua kuni. Nani atakukatia?"

Kifo kikawa kimetajwa na hakuna wa kulaumiwa. Ila utani ukiachwa upoe unabaki utani, kesho huwezi kuurudia. Shangazi akaudaka palepale: "Lakini kweli, kaka. Nani atakata?"

Swali lile lilikuwa limepimwa. Halikugusa nani atarithi, liligusa kazi, na kazi ile Baba aliijua kuliko sisi sote. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na baada ya kila mavuno mizabibu hupumzishwa kidogo kisha hukatwa matawi. Usipokata, nguvu yote inaishia kwenye majani, hewa haipiti, ugonjwa wa ubwiri unga unaingia, na vichala vichache vinavyotoka havina mnunuzi. Baba akaanza mwenyewe kusimulia shamba la jirani aliyefariki bila kuandika kitu. Kikao cha ukoo kilivunjika bila kumpata msimamizi wa mirathi, na kila upande ukagoma kulipia vibarua wa kukata mizabibu ambayo huenda ikawa ya mwenzake. Shamba likawa kichaka huku wenyewe wakisubiriana.

"Langu sitaki liwe vile," akasema. Hapo ndipo Shangazi alipotoa daftari, si kabla. Kalamu ikitangulia maneno, mzee anajiona yuko kituo cha polisi.

Pagumu palikuwa kwa mabinti. Kaka yangu mkubwa alishaanza na "kwa mila zetu..." Shangazi hakumbishia. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 inamweka binti nyuma katika urithi, na ubishi wa mila angeushindwa mapema. Akamgeukia Baba tu: "Kaka, nitajie walioshika mkasi msimu huu." Baba akaanza kuwataja, na wengi walikuwa mabinti. Akakaa kimya, halafu akasema mistari ya upande wa bwawa iwe yao. Kaka alinuna, sawa, lakini aliyetamka ni baba yake, hakuwa na wa kugombana naye.

Kuandika hakukuwa na mgogoro. Kwa sheria hiyo hiyo ya mila, mwenye wosia anayejua kusoma na kuandika anahitaji angalau mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika pia, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua anahitaji wanne. Baba alijua, lakini Shangazi aliweka wanne vilevile, na hakuna mrithi kati yao. Wake wote wawili wakashuhudia. Tarehe ikaandikwa, saini ikawekwa kila ukurasa. Mipaka ilitajwa kwa idadi ya mistari na nguzo za waya. Shangazi alikataa "kuanzia kwa mzee fulani", kwa sababu mzee fulani naye anauza. Kisha wosia ukapelekwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kuhifadhiwa.

Kiwanja cha Baba kilichoko Nzuguni, hapo hapo Dodoma, hakikuandikwa siku ile. Wake wote wawili walikuwa wanakitaka, na Shangazi alipokitaja Baba akasema kingoje zabibu za Agosti. Tukakubaliana tarehe, na mtani akaambiwa aje tena.